Meneja Wangu Ndiye Msimamizi Wangu, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bi. Nina diploma ya ushauri nasaha na nafanya kazi katika kituo cha waraibu huku Kisauni. Kila Ijumaa alasiri meneja hutuita ofisini kwa kile anachokiita supavisheni. Anauliza tumeona wateja wangapi, fomu zipi hazijajazwa, familia gani haijalipa. Mwezi uliopita kijana niliyekuwa nikimhudumia aliacha kwenda kuchukua methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini, akarudi kwenye huo unga. Tangu hapo usingizi umenipaa. Sithubutu kumwambia meneja, maana mkataba wangu unaisha Desemba na yeye ndiye atakayeamua kama nitaongezewa. Nimeulizia msimamizi wa nje, yaani mshauri mzoefu wa kuzungumza naye juu ya kazi yangu, nikatajiwa shilingi 2,500 kwa saa. Mshahara wangu hauwezi. Hiyo ya Ijumaa haitoshi?
Mshauri, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitoshi, lakini meneja atangoja kidogo. Tuanze na kijana, kwa sababu yeye hana muda wa kungoja.

Mtu akikaa siku kadhaa bila methadoni, mwili wake huanza kupoteza mazoea. Kipimo cha unga alichokuwa akikistahimili zamani sasa kinaweza kumkata pumzi. Na akitaka kurudi kliniki, hapewi tu kile kipimo chake cha mwisho kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyekosa siku kadhaa mfululizo hupimwa upya, na mara nyingi huanzishwa chini. Kama una njia ya kumfikia, yeye mwenyewe au mlezi aliyekuruhusu uzungumze naye, mfikishie hayo leo. Mambo ya roho kutoka hayasubiri kikao cha msimamizi. Unapiga simu hapo hapo.

Sasa meneja. Ana haki ya kuuliza fomu na ada, kituo lazima kiendeshwe. Huo ni mkutano wa kazi na uendelee. Ila mtu anayeshika kalamu ya mkataba wako hawezi kuwa ndiye unayemwendea kusema, "Kijana yule aliponiambia mimi ndiye pekee anayemwelewa, nilifurahi, na sasa naona aibu." Ukimwambia hilo, tayari umejiandikia ripoti. Usipomwambia, ndiyo hivyo, unakesha.

Mwingereza Brigid Proctor aliugawa usimamizi wa mshauri katika kazi tatu, na mgawo wake unafundishwa hadi leo: kulinda viwango vya kazi, kumkuza mshauri katika ujuzi wake, na kumrudishia nguvu. Meneja wako anafanya kipande cha ile ya kwanza. Hizo mbili hakuna anayekufanyia. Wala si jambo la kisasa. Katika zahanati ya wafuasi wa Freud, yule daktari wa nafsi, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, mwanafunzi alikuwa hahudumii wagonjwa peke yake. Palikuwa na mzoefu wa kumpelekea kesi zake. Na halimhusu mwanafunzi tu. Chama cha washauri cha Uingereza, BACP, kinamtaka kila mwanachama anayehudumia wateja awe na usimamizi, na mwenye ithibati yake apate angalau saa moja na nusu kwa mwezi, hata awe na mvi kichwa kizima.

Watu wengi hudhani kwenye kikao hicho unapeleka faili na kusomewa makosa. Faili liache kabatini. Peleka dakika tano zilizokukwama: alisema nini, kwa maneno yake, wewe ulisema nini, tumbo lako lilifanya nini. Mshauri mmoja (nimebadilisha mambo ya kutosha asijulikane) alikuwa akiniletea habari za mama mfiwa ambaye kila akiulizwa jambo hujibu, "Sijui." Nikamuuliza mshauri yeye anahisi nini akiwa na mama huyo. "Sijui." Ungependa kikao kijacho kiwe vipi? "Sijui." Nikajiona nimeshaegemea mbele, naanza kumwaga mawaidha kama maji ya bomba. Nikanyamaza, nikamwambia, "Hebu tazama tunavyofanya sisi wawili hapa." Akacheka, kisha machozi yakamtoka. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia yule mama: kila kimya kikiingia, yeye hukijaza kwa ushauri. Daktari Mmarekani Harold Searles aliandika juu ya jambo hili mwaka 1955, kwamba yanayopita baina ya mteja na mtabibu huja kujirudia baina ya mtabibu na msimamizi. Fomu ya Ijumaa haiwezi kulikamata.

Pesa, basi. Tafuta wenzako watatu wa vituo vingine, muwe wanne, mlipie msimamizi mmoja kwa kikundi. Saa mbili mkigawana, kila mmoja anatoa 1,250, na mara moja kwa mwezi inabebeka. Upungufu wake ni kwamba hutapata zaidi ya nusu saa yako mwenyewe, na palipo na msemaji sana mtamsikiliza yeye tu, kwa hiyo wekeni saa mezani. Ikiwa mmoja wenu yuko Likoni na feri inamchelewesha, fanyeni kwa simu, lakini kila mtu awe chumbani kwake na visikizio masikioni. Ndani ya matatu, hapana. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote, muulize leseni yake. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ndiyo iliyounda Bodi ya kuwasajili, kwa hiyo si swali la utovu wa adabu. Muulize pia yeye msimamizi wake ni nani. Akishtuka, tafuta mwingine.

Halafu jambo la mji wetu. Mombasa ukisema "mke wa nahodha, Kibokoni, mwenye mapacha," umeshataja jina na la baba yake. Ondoa mtaa, ondoa kazi, idadi ya watoto usiitaje kama haihusiki. Msimamizi akimtambua mteja hata hivyo, aseme papo hapo, na kesi hiyo uipeleke kwa mwingine. Wengine huona haya kusema, wakabaki wanasikiliza habari za binamu yao.

Kwa meneja usiende na malalamiko. Mwombe kituo kichangie gharama ya kikundi. Mshauri asiyelala huacha kazi, na kumtafuta mpya pia ni gharama. Meneja anayehesabu fomu hesabu hiyo ataielewa.

SWALI: Mshauri wangu aliniambia huwa anazungumzia kazi yake na msimamizi. Sijarudi tena. Siri zangu zimefika wapi?
Mama wa Mji wa Kale

JIBU: Dada yangu, huyo aliyekuambia ndiye wa kumwamini zaidi. Jina lako halipaswi kutajwa, na msimamizi naye amefungwa na siri kama yeye. Rudi umuulize waziwazi: unasema nini juu yangu, na unaacha nini? Una haki ya kujibiwa, tena ilitakiwa uelezwe siku ya kwanza. Habari za afya yako ni miongoni mwa zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti. Jibu lake lisipokutuliza, badilisha mshauri, lakini usiache matibabu.

Kwa msomaji wa Likoni aliyenitumia picha ya daftari lake la kesi: nimeifuta. Majina yalikuwa yanasomeka. Andika upya bila majina wala mitaa, nami nitakujibu toleo lijalo.