Wadogo zangu wa mabango na vipeperushi, njooni tuongee

Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yakikaribia, ofisi za kuprinti za Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya hujaa vikundi: wakulima wa parachichi kutoka Rungwe, AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa kutoka Mbozi, akina mama wa batiki, vijana wa nyuki. Kila kikundi kinataka bango la kuning'iniza kwenye banda pale viwanja vya John Mwakangale, na kila kikundi kinalitaka kesho asubuhi. Dizaina mgeni huonekana hapo. Mwaka huu mmenichosha, maana makosa ni yaleyale tuliyoyafanya sisi enzi za programu ya CorelDRAW ya kuazima.

Sisemi hamjui kazi. Wengine mna mkono mzuri kuliko wangu. Shida ni kwamba mmejifunza kwa kutazama matangazo ya kampuni za simu na bia, halafu mnaletewa kazi ya wazee wa kijijini. Kampuni ya bia ina idara nzima ya kukagua kabla kitu hakijatoka. Kikundi kina katibu mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Ulichokosea wewe kinakwenda ukutani hivyo hivyo.

1. Uliza bango litakaa wapi kabla hujafungua programu.

Makambako kuna upepo. Fleksi, yaani bango la plastiki, ya mita tatu ikishikwa na macho manne (matundu ya kupitishia kamba) ya kwenye kona haimalizi wiki. Weka macho kila nusu mita na ukunje pindo. Tukuyu kuna mvua, kwa hiyo karatasi isiyo na laminesheni ni hasara. Chunya jua ni kali, na wino wa njano na magenta hutangulia kufa. Mwenyekiti uliyemweka katikati ya bango atabaki uso wa bluu. Nimemwona mmoja wa hivyo, na bado ananisalimia kwa ubaridi.

2. Acheni kuokota picha mtandaoni.

Juzi nimeona bango la wakulima wa parachichi aina ya Hass lenye parachichi la duara, kijani kibichi, ngozi laini inang'aa. Wenyewe wakaligeuza geuza, wakacheka mpaka machozi. Hass ina ngozi ya vipele, na ikiiva inageuka nyeusi. Mtu anayeuza tunda hilo nje ya nchi umemwekea tunda la mwenzake, halafu unashangaa hakurudi. Mwingine ametengeneza kipeperushi cha lishe cha Makete akaweka watoto vifua wazi wanacheza mchangani. Makete! Mwezi Julai! Watoto wa kule wanavaa masweta mawili na kofia ya sufu. Na yule mama mwenye kilemba kikubwa cha Afrika Magharibi, anayeshika kikapu cha mboga kwenye kila bango la wilaya sita, naomba sasa apumzike.

Chukua simu, nenda shambani, piga picha asubuhi. Omba ruhusa kwa aliyemo kwenye picha, na kwa mtoto ombeni kwa mzazi, kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, haikutungwa kwa ajili ya benki peke yake.

3. Namba ya malipo isomwe kwa sauti, na watu wawili.

Hili sikulisoma popote. Kuna kikundi cha kufa na kuzikana kwenye kijiji kimoja wilayani Rungwe, watu wa migomba na chai. Walikuja ofisini watatu: mwenyekiti, katibu, na mama mweka hazina aliyebeba daftari la michango lililofunikwa kwa gazeti. Walikuwa wamesajili lipa namba, kwa sababu michango mingi ilitoka kwa watoto wao walioko Mbeya mjini na Dar es Salaam, wanaowalipia wazazi. Walitaka tangazo la A3 la kubandika mashineni, dukani na kanisani. Mama alisisitiza jambo moja tu. "Mwanangu, namba iwe kubwa, sisi macho yameshachoka." Nikamjibu, "Usijali, mama."

Namba yenyewe katibu alinitumia baadaye kwa ujumbe wa sauti, yuko juu ya bodaboda, upepo unavuma. Niliiandika kwa sikio moja, maana usiku ule akili yangu yote ilikuwa kwenye mikono. Nilikuwa nimeweka picha ya mikono miwili imeshikana, nikahangaika na kivuli chake hadi usiku wa manane. Kivuli kilitoka safi sana. Tarakimu mbili za katikati zikabadilishana nafasi.

Nikamtumia katibu picha kwa WhatsApp. Akajibu kidole gumba na makofi. Nikaprinti.

Namba ilikuwa kubwa kweli, nyeusi juu ya njano, inasomeka toka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ya duka la vipuri vya pikipiki, mkoa mwingine kabisa. Simu huonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, lakini mtu akishaona tangazo lenye nembo na mikono iliyoshikana hasomi jina, anabonyeza. Elfu tano tano zikawa zinaingia kwa mwenye vipuri, na kwenye daftari la mama majina yakawa hayana tiki.

Aliyesemwa kwanza hakuwa mimi. Watoto wa mjini walikuwa na meseji za muamala, wamelipa. Daftari linasema hawajalipa. Katikati yupo mwanamke mmoja mwenye mkoba, na hesabu ya namna hiyo kijijini haihitaji kalkuleta. Kikao kikaitwa, mama akasimamishwa mbele ya watu ambao amewazikia wazazi wao, aeleze pesa iko wapi. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyechukua meseji moja akailinganisha na karatasi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu, palepale kikaoni.

Mwenyekiti alinipigia. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. "Kijana wangu, njoo uwaeleze mwenyewe." Nilikwenda, nikasimama, nikasema kosa ni langu. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, daftari mapajani, hakuniangalia. Na niliona wapo waliokuwa wananisikiliza mimi huku macho yako kwake, kwa jicho lilelile la mwanzo, kana kwamba nimelipwa nije kusema vile. Mwenye vipuri, Mungu ambariki, alirudisha alichoweza kukitambua. Kilichopungua nikajazia mimi, nikaprinti upya bure. Kazi yenyewe nilikuwa nimelipwa elfu arobaini.

Na haikuishia hapo. Karatasi za ukutani tulizibandua mara moja, lakini picha ya tangazo bovu ilishasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wa kijiji, na kila ukitokea msiba kuna msamaria mwema aliyeifufua na kuituma upya. Huwezi kubandua WhatsApp.

Kwa hiyo: namba naipokea kwa picha ya karatasi ya usajili, siyo kwa mdomo. Chini ya namba naandika jina la usajili kwa herufi kubwa, na maneno HAKIKISHA JINA HILI LINATOKEA. Kwenye kona ya chini naweka mwezi na mwaka wa toleo, watu wajue lipi ni jipya. Kisha, kabla ya kuprinti, natuma shilingi 500 kwa namba iliyo kwenye dizaini yenyewe, nikiiangalia pale kwenye kioo, halafu nampigia mweka hazina kumuuliza kama imeingia. Mweka hazina, siyo katibu.

Na kidole gumba si idhini. Printi nakala ya A4, mteja aisome ofisini kwa sauti mbele yako, aweke saini na tarehe. Watakuona msumbufu. Sawa.

4. Bleed (ziada ya pembeni itakayokatwa) ya milimita 3, CMYK (rangi za kuprinti) tangu mwanzo, Ctrl+Q ya CorelDRAW (kugeuza maandishi kuwa michoro) kabla ya kupeleka faili kwa mprinti, na picha za WhatsApp mtumiane kama dokumenti, zisipoteze ubora. Haya mnayajua, hamyafanyi tu.

5. Rangi. Kijani na njano pamoja zina mwenyewe nchi hii. Kikundi cha maziwa kikitumia rangi hizo mwaka wa uchaguzi, nusu ya kijiji watadhani maziwa ni ya chama na nusu nyingine watadai yagawiwe bure. Bendera ya vyama vingine vilevile. Muulize mwenyekiti kabla, atakuambia rangi ipi kijijini kwao haina maneno.

6. Nembo.

Ile ya Bibi na Bwana si pambo la kujazia kona. Nembo ya Taifa ina sheria yake, na kikundi cha kufuga kuku hakijapewa ruhusa ya kuitumia kwa sababu tu kimepata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Nembo ya mfadhili iombeni kwa mfadhili, faili la vekta (linalokuzwa bila kuharibika) pamoja na mwongozo wake. Msiipige picha kutoka kwenye mlango wa gari la mradi. Ndiyo, kuna aliyefanya hivyo, na kitasa cha mlango kilionekana. Mwingine aliichora upya bendera ya Umoja wa Ulaya kwa kukadiria, akaishia na nyota 11. Ni 12, na idadi hiyo haipungui kwa sababu nafasi imekuwa ndogo.

7. Bei. Utaambiwa "wewe ni kijana wetu, hii ni kazi ya jamii". Inawezekana ni kweli, na kazi nyingine nimefanya bure kwa moyo mweupe. Hata hivyo andika ankara yenye bei kamili, halafu mstari wa chini andika punguzo, hata kama punguzo ni lote. Mradi ukija kupata mfadhili, kile kikundi kitakuwa kinajua bango lina gharama na kitakuwekea fungu kwenye bajeti. Ukifanya kimyakimya, mwaka unaofuata fungu la matangazo litapewa mtu wa Dar, na wewe utaitwa kurekebisha makosa yake bure. Nusu ya malipo ichukueni kabla. Mzee akikasirika, mpeni kiti na chai, lakini nusu ichukueni.

8. Faili ni la kikundi.

Viongozi hubadilika kila uchaguzi wa kikundi, na mwenyekiti mpya hana habari kwamba nembo yao iko kwenye flashi yako yenye virusi. Fungueni barua pepe ya kikundi, siyo ya katibu, wekeni humo faili la kazi, PDF na fonti. Dizaina anayeficha faili ili mteja arudi ni mwoga.

Na haya majina niliyoyakuta kwenye kompyuta ya mapokezi: "bango mwisho", "bango mwisho kabisa", "bango mwisho kabisa 2 HILI", "bango la mama usiprinti". Lipi limekwenda kwa mprinti? Hakuna aliyenijibu. Jina la kikundi, aina ya kazi, ukubwa, tarehe. Kabla ya kufunga ofisi leo jioni nataka yote yawe yamebadilishwa, na hilo la mama nielezwe ni mama yupi.