Fundi, nitoe pleti za Hilux?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, niliinunua mkononi mwaka jana. Wiki nzima inatembea tupu, ila mwisho wa mwezi napakia mahindi gunia nne, tano. Mama yangu ana mgongo, na kila nikimpeleka kliniki kwa barabara ya vumbi anasema heri bodaboda. Fundi wa hapa anataka atoe pleti mbili kila upande kwenye springi za nyuma, eti italainika kama Mark II. Nimkubalie?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba. Mpe mama pole.

Usimkubalie bado. Alichokwambia nimeshakifanya mwenyewe, nikiwa kijana kwenye gereji ya watu Ifakara. Tulitoa pleti mbili mbili kwenye pikapu ya tajiri mmoja. Siku tatu akatusifu. Ya nne akapakia mpunga gunia nane: kila shimo ekseli inagonga raba ya chesesi, du! Akikanyaga mafuta kuondoka, propela inatetemeka mpaka nyayo zinawasha. Springi hiyo haibebi mzigo tu, ndiyo inayoishika ekseli isijipindue ukiongeza moto au ukifunga breki. Nikazirudisha pleti usiku, kwa karabai, bure.

Anza na upepo wa tairi. Najua mnajaza 50 kwa sababu ya mahindi, halafu hamtoi. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Namba ya gari tupu iko chini sana ya hapo. Jaza hiyo, utaongeza siku ya mzigo.

Kisha lala chini ya gari na tochi. Tazama kati ya pleti na pleti. Ukiona kutu imevimba kama ukoko wa sufuria, ujue pleti haziteleziani, zote zinafanya kazi kama chuma kimoja kinene. Kwenye ncha kuna viplastiki vidogo vya kutelezea. Kwenye magari ya mkononi mara nyingi vimeshalika, imebaki alama tu. Zifunguliwe, zisuguliwe kwa brashi ya waya, viwekwe vipya. Angalia na shako, kile kishikio kinachobembea nyuma: kama bushi zimekufa au boti imeshika kutu, springi haina pa kurefukia, lazima irushe. Bushi mpya zikaziwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukikaza likining'inia kwenye jeki, raba inabaki imejisokota na haichukui muda inachanika. Shokapu nazo zikaguliwe.

Ukimaliza yote hayo na mama bado analalamika, hapo tuongee pleti. Wengi hukimbilia ile nene iliyonyooka ya chini kabisa. Mara nyingi hiyo gari likiwa tupu haijaguswa na kitu, inangoja mzigo. Ukiitoa mama hatasikia tofauti, mahindi ndiyo yatakayosikia. Ya juu yenye macho, yale matundu ya kufungia kwenye ncha, na ya pili inayoikumbatia, ni mwiko. Toa moja ya katikati, pande zote mbili sawasawa, na upime unene kwanza: ugumu wa pleti hupanda kwa unene mara unene mara unene. Ya milimita 7 ni 343, ya milimita 6 ni 216. Kwa hiyo anayekwambia "pleti ni pleti" mwangalie vizuri.

Akiwasha gesi ili azipashe moto azinyooshe, ondoa gari lako. Chuma cha springi kikipashwa hovyo kinapoteza ukakamavu wake. Kabla ya kufungua senta boti, ile inayozishika pleti pamoja katikati, azibane pleti kwa jiriwa, maana zikiachia kwa ghafla zinavunja kidole. Yuboti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zikaziwe tena baada ya kutembea kidogo. Na kama Hilux yako ina ile valvu ya breki yenye kijiti kinachoshuka kwenye ekseli ya nyuma, irekebishwe, kwani inapima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Gunia tano hizo baada ya hapo zifanye tatu, safari mbili.

Halafu hukuniambia mama anakaa wapi. Kama ni kiti cha nyuma, karibu na ekseli hiyo hiyo inayorusha, mhamishie mbele kesho asubuhi kabla hujatafuta spana.