Kwa mleta mada wa potasiamu 6.1: usimpe bimkubwa madafu, na usimwachishe dawa

Pole na bimkubwa, mkuu. Kwa wanaoingia sasa hivi: mama wa jamaa ana miaka 62, yupo kwenye vidonge vya presha, kapimwa damu na potasiamu imesoma 6.1. Wachangiaji wawili wamesema madini yanaimarisha moyo, ampe ndizi na madafu kwa wingi. Mwingine kasema aache vidonge vyote leo hii. Mimi kazi yangu ni maabara, na hizo namba ndizo ninazoshinda nazo. Yote mawili usiyafanye.

Kawaida ni kuanzia 3.5 hadi 5.0, maabara zinapishana kidogo. Potasiamu ya mwili karibu yote, kama asilimia 98, imekaa ndani ya seli. Kwenye maji ya damu ipo kidogo sana. Umeme wa moyo unaendeshwa na hiyo tofauti ya ndani na nje. Ikizidi nje, mapigo yanaweza kuzorota hadi moyo ukasimama. Ikipungua, moyo unaanza kudunda ovyo.

Nikiona 6.1, swali langu la kwanza ni damu ilitolewaje. Chembe nyekundu zimebeba potasiamu zaidi ya mara 20 ya iliyo kwenye maji yanayozizunguka, kwa hiyo zikipasuka chache tu namba inaruka. Zinapasuka sindano ikiwa nyembamba mno, au mtu akivuta bomba kwa nguvu, au akiitikisa tyubu. Mpira wa kufungia mkono ukikaa muda mrefu huku mgonjwa anaambiwa "fumba ngumi, fumbua, fumba tena", msuli nao unamwaga potasiamu yake palepale. Tukishazungusha tyubu kwenye mashine, maji ya juu yanatakiwa yawe ya manjano hafifu. Yakitoka mekundu kama juisi ya rozela, majibu ya potasiamu hiyo siyatoi, naomba damu nyingine. Wapo wanaoyatoa hivyo hivyo.

Friji nayo ina kesi yake. Kuna kituo kilikuwa kinatuletea asubuhi damu za jana jioni, zimelala kwenye baridi kwa nia njema kabisa, na kila mgonjwa wao akawa na potasiamu ya juu. Baridi inalemaza pampu za seli, potasiamu inavuja usiku kucha. Ilitakiwa watenganishe maji na chembe kwanza, ndipo waweke kwenye friji. Halafu kuna ile ya kumimina damu kutoka tyubu ya kifuniko cha zambarau kwenda kwenye nyekundu kwa sababu haikutosha. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye ya zambarau ina potasiamu yenyewe, na inashika kalsiamu yote. Majibu yanasoma potasiamu ya ajabu na kalsiamu inayokaribia sifuri, na mwenye damu yupo benchi anaongea na simu.

Ila usiseme "basi ni kosa la maabara" ukalala. Mtu wa miaka 62 mwenye presha anaweza kuwa na figo zilizochoka, na figo ndizo zinazotoa potasiamu ya ziada. Angalia vidonge vyenyewe. Enalaprili, losatani na spironolaktoni zinaizuia isitoke. Lasix na zile za thiazidi, yaani dawa za kukojoza, zinaitoa. Spironolaktoni ni dawa nzuri: utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha inapunguza vifo kwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi. Madaktari wa Ontario, Kanada, wakaiandika kwa wingi, na waliolazwa kwa potasiamu kupanda wakaongezeka. Dawa ni ile ile, tofauti ni kupima damu mara kwa mara. Muulize pia kuhusu vya duka la dawa ambavyo wazazi hawavihesabu kama dawa: diklofenaki ya magoti, ibuprofeni ya maumivu, Septrin ya kuua bakteria. Vyote hivyo vinaweza kuipandisha.

Wa madafu hawajatoa uongo mtupu. Kwa mwenye figo nzima, potasiamu ya chakula inasaidia kushusha presha. Kule China walibadilishia watu chumvi vijijini, vijiji 600, watu karibu 21,000, wakawapa yenye robo yake kloridi ya potasiamu. Majibu yalitoka mwaka 2021 na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye utafiti huo, wala wanaotumia dawa za jamii ya spironolaktoni. Kwa hiyo hiyo chumvi "salama kwa presha" ya supamaketi, bimkubwa asiiguse mpaka figo zake zijulikane. Vidonge vya madini vya mitandaoni sivijadili.

Aliyeuliza kule juu kwa nini yake ipo 2.9 na haipandi japo anameza potasiamu: pima magnesiamu. Ikiwa chini, figo zinaendelea kuvujisha potasiamu hata umeze kiasi gani. Na kama umekula omeprazo miezi na miezi kwa vidonda vya tumbo, mwambie daktari, maana inaweza kuishusha magnesiamu.

Mleta mada, leo hii mpeleke hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na ubebe vidonge vyake vyote kwenye mfuko. Akiwa na ulegevu wa miguu, mapigo yasiyoeleweka au kuzimia, nenda dharura moja kwa moja. ECG ikionyesha moyo umeguswa, hawatasubiri majibu mapya. Watampa kalsiamu ya mshipa kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi kuirudisha potasiamu ndani ya seli. ECG ikiwa safi, damu itolewe upya bila kufumba ngumi, ipimwe siku hiyo hiyo pamoja na kreatinini, inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Dawa ipi ipunguzwe ataamua daktari akiwa na hayo mkononi. Ukipata majibu weka hapa kreatinini na majina ya vidonge, tutaangalia.