Nimekariri misemo mingi ya Kiingereza, mbona nikiitumia naambiwa nimekosea?

SWALI: Mwalimu, nina daftari zima la misemo ya Kiingereza, kila mmoja na tafsiri yake. Nikiikuta kwenye maandishi naielewa. Tatizo ni ninapoandika mwenyewe. Juzi niliandika "I look forward to meet you", na siku nyingine "Happiness set in after the exam". Zote mbili nikaambiwa haziko sawa. Nifanyeje?

JIBU: Daftari lako linakueleza maana ya msemo. Halikuelezi msemo huo huandamana na maneno gani, na hapo ndipo unapokwama. Hilo utalipata kwa kusoma sentensi kadhaa zenye msemo uleule, ukizipanga moja chini ya nyingine.

Anza na ule wa kwanza:

I look forward to your reply.
We look forward to the holidays.
She is looking forward to seeing him.

Tazama kinachofuata "to". Sentensi mbili za kwanza zina nomino, kwa hiyo nafasi hiyo ni ya nomino, na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae "-ing". Ndiyo maana tunasema "meeting you". Kipimo hiki kitakufaa kwingine pia. "I am used to the noise" ni sentensi kamili, basi tunasema "I am used to working at night", yaani nimezoea kufanya kazi usiku. Lakini "I used to the noise" haisimami. Huo ni msemo mwingine kabisa: "I used to work at night" maana yake zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku, sasa sifanyi.

Kosa lako la pili linanivutia zaidi, kwa sababu kisarufi hukukosea popote. Soma hizi: "Panic set in." "The infection set in quickly." "Winter had set in." Unaona nini upande wa kushoto? Hofu, maambukizi, baridi. John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyeongoza kamusi ya COBUILD iliyotoka mwaka 1987, aligundua kwamba vitu vinavyotajwa pamoja na "set in" karibu vyote ni vibaya. Aliligundua kwa kupitia mifano mingi kutoka maandishi halisi. Tafsiri ya "kuanza na kuendelea" ni sahihi, ila inaificha habari hiyo, na ndiyo maana furaha yako ilimshtua msomaji. "I was so happy after the exam" ingetosha.

Mifano utaipata kwenye korpasi, yaani hazina ya matini halisi inayotafutwa kwa kompyuta. COCA ya Kiingereza cha Marekani ina maneno zaidi ya bilioni 1. British National Corpus ina milioni 100. Ukitafuta msemo, unaletewa mistari ambamo umepangwa katikati, ukiona kilichoutangulia na kilichoufuata. Kwa kuanzia mistari kumi inatosha. Usikimbilie kutafsiri, kwanza tafuta kinachojirudia.

Angalia pia nani anamwambia nani. "Please find attached" huandikwa kwenye barua pepe za kikazi. Ukimtamkia rafiki atakushangaa. "No worries" inamfaa rafiki, lakini haifai kwenye barua rasmi ya kuomba radhi.

Kisha tunga yako, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kutoka "We had to make a difficult decision" nenda "I had to make a quick decision". Kiunzi kibaki, "make" isiguswe, maana wengi hapo huweka "do" na kuharibu. Tunga sentensi ya kweli kuhusu maisha yako, kwa kuwa hiyo utaihitaji tena.

Jambo la mwisho ni uchaguzi. Wanafunzi hupenda "It's raining cats and dogs", nami nawasihi waiache kwanza, kwani katika mazungumzo ya kawaida ni nadra kuisikia. Wiki hii chukua "it depends on", "as far as I know" na "I was wondering if you could", uzitafutie mistari kumi kila mmoja.