Nilimlaumu Mpwa Wangu kwa Kosa la Kamera

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kifurushi chake cha intaneti ya nyumbani hakifiki katikati ya mwezi, na kwamba anamshuku kijana anayeishi naye. Ujumbe huo uliniuma, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilimwita mpwa wangu mbele ya wageni nikamwambia kuwa anakesha akitazama filamu kwa fedha zangu. Aliapa, sikumsikiliza.

Mwizi alikuwa kamera ya ulinzi niliyoifunga mwenyewe juu ya geti nikaiacha na nywila ya kiwandani, huku nikiruhusu kwenye ruta ifikiwe kutoka nje ili niitazame nikiwa kazini. Kila nilipozima umeme na kuwasha, kasi ilirudi kwa saa chache kisha ikazorota, nami nikaamini kuwa mtoto aliogopa kidogo akarudia. Kumbe kamera ilikuwa imeingiliwa na programu hasidi za aina ya Mirai, zinazotumia intaneti yako kushambulia wengine. Hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kifaa: ukikizima zinafutika, lakini nywila ikibaki ileile huingia tena. Mirai ilijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, na kwa kutumia kamera na ruta za watu wa kawaida ikaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tarehe 21 Oktoba 2016, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

Kwa hiyo badilisha nywila kwanza, na usichanganye nywila ya waifai unayowapa wageni na ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambayo wengi hawajaigusa tangu fundi aondoke. Anwani ya mipangilio imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa humo zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nywila), funga usimamizi wa kutoka nje, weka masasisho, kisha hamishia kamera na televisheni kwenye mtandao wa wageni, yaani waifai ya pili ya ruta iliyotengwa na vifaa vyako vingine. Nywila ya kamera nayo ibadilishwe. Nasisitiza kwa sababu hapo ndipo nilipoangukia.

Ndugu msomaji, kabla hujamtamkia kijana huyo neno lolote, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ruta, saa ambayo simu yake imezimwa, uone ni nani anayetumia. Mimi nilimwomba mpwa wangu radhi tukiwa wawili sebuleni, akanisamehe, lakini wale wageni waliomsikia akiitwa mwizi sijapata kuwakusanya tena.