Upanga wangu ulivyonigeukia
Tulikuwa wanne, tukicheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering kwa mtindo wa Commander, kila mmoja ameanza na uhai 40. Mapema nilikuwa nimelipachika dubwana la jirani yangu kadi yangu ya Bloodthirsty Blade, inayomwongezea kiumbe nguvu 2 na kumweka katika hali ya kuchokozwa muda wote. Nikakaa nacheka. Dubwana likammaliza wa kwanza, likammaliza wa pili. Kuja kushtuka, tumebaki wawili, nina uhai 8 na sina hata kiumbe kimoja cha kukinga. Nguvu zake 7 zingeniacha na uhai 1. Zile 2 za upanga wangu ndizo zilizoniua.

Kuchokoza, ambako kwenye kadi kumeandikwa goad, ni sheria ya mistari miwili: kiumbe aliyechokozwa ashambulie kila pambano akiweza, na amshambulie mchezaji asiyekuwa mchokozi akiweza. Kwa kawaida hali hiyo hudumu mpaka zamu yako inayofuata. Mimi nilikuwa nasoma “hawezi kunipiga”. Sivyo ilivyoandikwa! Asipokuwepo mwingine wa kupigwa, anakuja kwako, tena kwa lazima.

Hilo “akiweza” ndilo la kuchunga. Kadi ya kiumbe iliyokwisha kulazwa, yaani kugeuzwa ubavu kwa kuwa imeshatumika, hailazimiki. Wala mwenye kiumbe halazimishwi kulipia shambulio: kama wapinzani wengine wote wana kadi ya Propaganda, inayodai mana 2 (nishati ya kulipia kadi) kwa kila mshambuliaji, anaweza kugoma kulipa. Na kama wewe ndiye pekee usiye na kinga ya namna hiyo, umejichokozea mwenyewe. Pia angalia kiumbe anafanya nini akijeruhi mtu. Kama kila akipiga mwenye kiumbe anavuta kadi, unamlisha.

Kwa nini basi bado natumia kadi za kuchokoza? Kwa sababu mshambuliaji hulala, na hapa ndipo wengi hupoteza faida. Jirani akishambulia kwenye zamu yake, viumbe wake wanabaki wamelala mpaka zamu yake irudi. Yako inafika kabla ya hapo, na hakuna wa kukuzuia, isipokuwa wale wachache wanaoshambulia bila kulala. Kwa hiyo kadi kama Disrupt Decorum, inayochokoza viumbe wote wasio wako, usiitupe mezani kwa kuwa tu una mana 4. Ishike mpaka uwe na jeshi. Waache wapigane duru nzima, kisha uingie wewe, maana huko kote milango iko wazi.

Upanga sikuuondoa kwenye pakiti ya kadi ninazochezea. Ila tukibaki watatu, kwenye zamu yangu nalipa mana 1 na kuuhamishia kiumbe mnyonge kuliko wote upande wa wapinzani, hata wakinicheka.