Kukesha na desa, asubuhi kichwa kitupu: nilipata sapu ndipo nikaelewa

Mkuu mleta mada, umesema unapiga msuli mpaka saa kumi alfajiri, ukiingia kwenye pepa kila kitu kimeyeyuka, na unauliza kama ni kweli ubongo hufanya kazi tofauti ukiwa umelala. Ni kweli, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liliniumiza.

Nilisomea utabibu, nimepanga chumba Majengo, Moshi. Wiki ya mitihani ya mwaka wa kwanza nilikesha siku tatu na desa la anatomia, chupa ya kahawa chungu mezani, miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie. Neva 12 za kichwa nilikuwa nazitaja kama sala. Kwenye pepa nilifika ya tano, nikagota. Nilikumbuka hadi rangi ya kalamu niliyoipigia mstari, jina lenyewe likakataa kuja. Nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

Likizo nilijiandaa nikiwa kwa shangazi, Marangu. Shangazi saa nne taa zimezimwa, hakuna mjadala. "Mwanangu, kitabu hakina miguu, utakikuta hapohapo." Nikawa nasoma jioni, nalala, narudia kidogo asubuhi. Zile neva zikakaa, na hadi leo zipo.

Sasa nafundisha fiziolojia chuo kimoja Arusha, na nilipokuwa naandaa kipindi cha kumbukumbu ndipo nilipopata sababu. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, bila hiyo huwezi kuhifadhi vizuri mambo mapya kama matukio na majina. Ishara huingia kwenye kituo cha kwanza, dentati, zikaenda vituo vinavyofuata, CA3, kisha CA1. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Winson na Abzug, waliweka elektrodi kwenye ubongo wa panya, wakawa wanapiga mshtuko mdogo uleule mwanzoni mwa njia na kupima kinachofika mbele. Panya akiwa macho, ametulia na makini, ishara ilififia njiani. Akiwa kwenye usingizi mzito, ilipita vizuri.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Njia ni ileile, mshtuko ni uleule, kilichobadilika ni hali ya mnyama. Aliyekulia mlimani ataelewa haraka: mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ni mmoja, lakini asubuhi maji yamefunguliwa shamba hili, usiku yameelekezwa kwingine.

Mmoja wa wanaofungua na kufunga lango la njia hiyo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Ukiwa macho na unajishughulisha huwa nyingi, na hipokampasi inapokea ya nje kuliko kuyasukuma mbele. Panya anapotembea, umeme wa hipokampasi yake hupanda na kushuka kwa mdundo wa theta, kama mara nane hivi kwa sekunde. Usingizi mzito ukiingia, asetilikolini inashuka, theta inatoweka, na badala yake inakuja milipuko mifupi sana yenye mitetemo 150 hadi 200 kwa sekunde. Mwaka 1994 watafiti Wilson na McNaughton walionyesha kwamba seli zilizowaka pamoja panya alipokuwa anatembea huwaka tena pamoja akilala. Yaani somo linarudiwa, na wewe umelala fofofo!

Kwa binadamu, mwaka 2004 watafiti Gais na Born, Ujerumani, waliwapa watu dawa ya kuizuia asetilikolini isishuke kwenye usingizi huo. Jozi za maneno walizojifunza kabla ya kulala hazikunufaika na usingizi kama ilivyotakiwa. Walilala, lakini lango halikugeuzwa.

Wadau waliotangulia hapo juu wamekushauri vinywaji vya kuongeza nguvu. Nawaomba wasimpoteze kijana. Kinywaji kitakuweka macho, ila zamu ile ya usiku hakiwezi kukufanyia. Milipuko ile hutokea kidogo hata ukiwa macho umetulia, ndiyo maana wanafunzi wangu nawapa dakika kumi katikati ya kipindi, bila simu, wakae tu. Lakini hiyo haitoshi kuziba pengo la usiku mzima.

Umesema pepa yako ni Alhamisi. Jumatano soma mpaka saa tatu, yale magumu yawe ya mwisho, kula, saa nne zima taa. Amka saa kumi na moja, pitia vichwa vya mada ulizosoma tu, usianze mada mpya. Jioni urudi hapa utuambie.